Bia na Hangova: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanywaji wa Mombasa

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara katika mazungumzo ya wanywaji wa Mombasa, kuanzia vibanda vya Kisauni na Changamwe hadi mabaa ya Nyali na yale ya Mtwapa, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyetimiza miaka 18, ambaye ameamua mwenyewe kunywa na kesho yake ana kazi ya kwenda. Asiyekunywa, iwe ni kwa dini, afya au hiari yake, hana sababu yoyote ya kuanza. Shirika la Afya Duniani lilitamka waziwazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na hakuna jibu hata moja hapa chini linalopingana na kauli hiyo.

Hangova hasa husababishwa na nini?

Wengi hujibu kwamba ni ukosefu wa maji mwilini, na jibu hilo ni sahihi kwa sehemu tu. Ni kweli kwamba pombe huizuia homoni inayoziamuru figo kuhifadhi maji, ndiyo maana mnywaji huenda msalani kila baada ya dakika chache na kuamka na kiu kali. Lakini wakati figo zinapoteza maji, mambo mengine yanaendelea. Ini huibadilisha pombe kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu kuliko pombe yenyewe, kabla ya kuivunja tena kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Utando wa tumbo hukereka na asidi huongezeka, na hapo ndipo kichefuchefu kinapozaliwa. Kinga ya mwili nayo huchochewa na kutoa kemikali zilezile zinazomfanya mgonjwa wa mafua ajisikie mzito, asiye na hamu ya chakula wala ya kuzungumza na mtu. Usingizi pia huharibika: mtu hulala upesi, kisha nusu ya pili ya usiku hugeuka kuwa ya kushtukashtuka, naye huamka amechoka ingawa amelala saa nane nzima.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dalili hufikia kilele wakati kiwango cha pombe kwenye damu kinapokaribia sifuri, si wakati kikiwa juu. Kwa hiyo mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri akijiona mzima kabisa, akaanza kuwacheka wenzake, huenda bado amelewa, na zamu yake inakuja saa nne.

Je, kuna bia isiyoleta hangova?

Hakuna, isipokuwa ile isiyo na kileo. Kila mwaka huzuka madai kuhusu chapa fulani kuwa “safi” na nyingine kuwa “inapasua kichwa”, lakini ukichunguza utakuta tofauti kubwa inatokana na kiasi cha kileo kilichoingia mwilini na kasi kilivyoingia. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kuhusu kuchagua bia ni kusoma asilimia iliyochapishwa kwenye lebo, kwa herufi ndogo ambazo ndani ya baa yenye mwanga hafifu hulazimu mtu kuelekeza chupa kwenye tochi ya simu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chupa ya Tusker ya kawaida ina mililita 500 na asilimia 4.2 ya kileo, yaani mililita 21 za kileo halisi, ambazo uzito wake ni karibu gramu 17. Guinness inayouzwa Kenya ina asilimia 6.5, hivyo chupa ya ukubwa huohuo inabeba gramu 26 hivi. Anayekunywa nne za kwanza na anayekunywa nne za pili wamekaa meza moja, wamelipa bili zinazokaribiana, na huenda wakaondoka saa ileile, lakini wa pili amekunywa zaidi ya mwenzake kwa kiasi kinachozidi chupa mbili za Tusker. Heineken ina asilimia 5. Ikiwa kwenye chupa ndogo ya mililita 330 inakuwa na gramu 13 tu, kwa hiyo ukubwa wa chupa nao uhesabiwe.

Ukitoka kwenye bia, hesabu hupanda ghafla. Robo ya pombe kali, yaani ile chupa bapa ya mililita 250, ikiwa na asilimia 40 hubeba gramu 79 za kileo, karibu sawa na Tusker tano. Watu wawili wakigawana robo kisha wakaagiza bia mbilimbili “za kushushia” wamekunywa zaidi ya chupa nne kila mmoja, ingawa asubuhi kila mmoja ataapa kwamba alikunywa bia mbili.

Anayetaka kuchagua kwa busara, basi, achague bia yenye asilimia 4 na kidogo, ya chupa ndogo ikipatikana, na aikwepe ile yenye nguvu hata kama inauzwa kwa ofa. Bia ya kegi, inayotoka kwenye pipa na kunywewa kwa kikombe kikubwa, haimpi mnywaji lebo ya kusoma. Hiyo ulizia kaunta kabla ya kuketi.

Chupa moja hukaa mwilini kwa muda gani?

Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa, nalo haliharakishwi na kahawa, maji baridi, kucheza muziki wala kutokwa jasho. Maana yake ni kwamba Tusker moja ya nusu lita huhitaji karibu saa mbili kuondoka.

Chukua mfano wa mtu anayeanza saa moja usiku na kumaliza saa sita, akiwa amekunywa chupa sita. Ameingiza gramu 100. Tukichukulia ini lake linaondoa gramu 8 kwa saa, atahitaji saa kumi na mbili na nusu tangu chupa ya kwanza, kwa hiyo damu yake itakuwa safi saa moja na nusu asubuhi. Kama anakaa Likoni na anafanya kazi kisiwani, wakati huo yuko ndani ya feri, amesimama katikati ya umati, jua limeanza kuchoma, na pombe ya mwisho ndiyo inaondoka. Hangova yake itamkuta ofisini. Mwenzake aliyeanza saa hiyohiyo akanywa chupa tatu na kuacha saa nne usiku alikuwa na gramu 50. Mwili wake ulimaliza kazi hiyo muda mfupi baada ya saa saba usiku wa manane, naye akapata saa kadhaa za usingizi usiosumbuliwa na kileo. Tofauti ya asubuhi kati yao ni kubwa kuliko tofauti ya chupa tatu inavyosikika.

Bia nyeusi ni mbaya kuliko nyeupe?

Imani hii ina mzizi wa kweli, ila imepandwa shamba lisilo lake. Pombe zilizokolea rangi baada ya kukaa muda mrefu kwenye mapipa ya mbao, kama brandi na wiski, huwa na kemikali nyingi za ziada zitokanazo na uchachushaji na mapipa yenyewe, na kemikali hizo huzidisha hangova. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulilinganisha wiski aina ya bourbon na vodka, na waliokunywa bourbon waliamka vibaya zaidi ingawa kiwango cha kileo kilikuwa sawa. Weusi wa stauti, yaani bia nyeusi kama Guinness, kwa upande mwingine, unatokana na shayiri iliyokaangwa. Bia kwa jumla ina kemikali hizo kidogo kuliko pombe kali zilizokomazwa, kwa hiyo anayelalamikia bia nyeusi anapaswa kwanza kuilaumu ile asilimia 6.5.

Kuchanganya bia na divai au pombe kali huleta hangova?

Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walichapisha jaribio la watu 90, ambao baadhi yao walianza na bia wakamalizia na divai, wengine wakafuata mpangilio wa kinyume, na wengine wakanywa aina moja tu. Mpangilio haukuleta tofauti yoyote. Kilichotabiri asubuhi mbaya ni jinsi mtu mwenyewe alivyojiona amelewa, na kama alitapika.

Hata hivyo, mazoea ya kuchanganya yana hatari ya namna nyingine, nayo ni kupoteza hesabu. Mtu aliyezoea mwendo wa bia huinywa pombe kali kwa mwendo uleule, na mara nyingi hafikii wazo la kuchanganya mpaka awe tayari amelegea kiasi cha kutojali.

Na mnazi je?

Hapa pwani swali hili halikwepeki, na jibu lake si la mkato. Utomvu wa mnazi huanza kuchachuka wenyewe tangu unapodondokea chomboni, kwa sababu hamira ya asili iko kwenye hewa na kwenye chombo kilekile kilichotumika jana. Ule wa asubuhi, uliogemwa muda mfupi uliopita, ni mtamu na kileo chake ni kidogo. Kadiri saa zinavyopita sukari hupungua na kileo hupanda, mpaka jioni unapokuwa mkali wa kufikia au kukaribia nguvu ya bia. Ukiachwa zaidi hugeuka kuelekea siki. Kwa hiyo mitungi miwili iliyojazwa na mgema mmoja siku moja inaweza kuwa vinywaji viwili tofauti kabisa, kutegemea ulifika mangwe, yaani pale mnazi unapouzwa na kunywewa, saa ngapi.

Ugumu ni kwamba hakuna lebo, na kipimo ni mtungi au chupa iliyookotwa. Mnazi pia hunyweka kwa urahisi kupitia mrija, watu wakiwa wameketi kivulini wakizungumza, wala tumbo halijai gesi kama la mnywaji wa bia, hivyo mtu humaliza lita kabla ya kujua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na laiti maji ndiyo yangekuwa tatizo pekee! Wapo wauzaji wanaotia vitu vingine ili mnazi uliochoka uonekane mkali. Ushauri unaobaki ni kununua kwa mgema unayemfahamu, mapema mchana, na kuacha ule ambao ukali wake au harufu yake si ya kawaida, hata kama mwenye mangwe ataudhika.

Nile nini, na nile wakati gani?

Ule kabla. Chakula kinachofika tumboni saa sita usiku, baada ya chupa ya tano, kinashughulikia njaa tu, pombe imeshapita. Sehemu kubwa ya kileo hunyonywa na utumbo mwembamba, na kazi ya chakula ni kulifanya tumbo lichelewe kukisukuma kileo huko. Matokeo yake ni kwamba kiwango kwenye damu hupanda polepole na kilele chake huwa chini.

Chakula kizito chenye wanga, mafuta na protini ndicho kinachofaa, na Mombasa haina upungufu wa vyakula vya namna hiyo. Wali wa nazi na samaki, pilau, chapati na maharagwe, au mbaazi na mahamri yaliyobaki mchana, vyote vinatosha. Viazi karai vitatu vilivyoliwa mkiwa njiani kwenda baa ni bora kuliko tumbo tupu, ila si mlo. Mishkaki na nyama choma vinavyoletwa mezani vina faida vikiletwa mwanzoni, kwa hivyo agiza nyama pamoja na bia ya kwanza, maana jiko la baa siku ya Ijumaa linaweza kuchukua saa nzima. Jihadhari na chumvi na pilipili za kachumbari na za njugu: huongeza kiu, na kiu mezani huzimwa kwa kile kilichopo mezani.

Kunywa mafuta ya kula, kumeza mayai mabichi au maziwa “ya kupaka tumbo” ni imani za muda mrefu. Maziwa ni chakula na yana msaada wa chakula chochote kile, hayapaki kitu. Mayai mabichi yanaweza kukuletea maradhi ya tumbo juu ya hangova.

Ninywe maji kiasi gani, hasa kwa joto hili?

Glasi moja ya maji kwa kila chupa ya bia ni kanuni rahisi kukumbuka, na nyingine moja au mbili kabla ya kulala. Mombasa ina sababu ya pekee ya kulizingatia hili. Kuanzia Desemba hadi Machi joto hupita nyuzi 30 na unyevu wa hewa huwa mwingi, mtu anatokwa na jasho akiwa ameketi tu, na mwili unapoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Wageni wanaoshuka na treni kutoka bara wakati wa Krismasi huathirika zaidi, kwa kuwa huanza kunywa saa sita mchana wakiwa juani ufukweni, hawajala tangu chai ya asubuhi, na kila bia baridi wanaihesabu kama maji.

Maji yana faida nyingine ambayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza: mkono na mdomo vinakuwa na shughuli, na chupa inayofuata inachelewa. Lakini msimamo wetu ni kwamba maji yasichukuliwe kama leseni. Mtu anayekunywa chupa nane na lita mbili za maji ataamka bila kiu, na hangova yake iko palepale.

Madafu yanafaa kwa asubuhi. Yana maji, sukari kidogo na potasiamu kwa wingi, ingawa chumvi yake ni kidogo. Ukiyanywa pamoja na chakula chenye chumvi kiasi, yanakuwa yametosha.

Kwa nini watu husema bia ya moto haileti hangova?

Kwa sababu ya moto hainyweki haraka. Kileo ni kilekile. Katika joto la pwani bia baridi hushuka kwa mikupuo, na anayeipenda baridi, kama wengi wetu, aimimine glasi ndogo ndogo, chupa iachwe kwenye ndoo ya barafu.

Ninawezaje kujizuia nikiwa na marafiki wanaonunuliana raundi?

Tungethubutu kusema kwamba hangova nyingi za mji huu zinatengenezwa na desturi hii kuliko na kiwanda chochote cha bia. Meza ya watu watano ikianza kununuliana, kila mmoja huona ni aibu kuondoka kabla ya zamu yake kufika, kwa hiyo idadi ya chupa huamuliwa na idadi ya viti, na kasi huamuliwa na mnywaji mwepesi kuliko wote. Aliye polepole hujikuta na chupa mbili zilizofunguliwa mbele yake, zinapata joto, na heshima ya aliyenunua inamdai azimalize.

Mambo machache husaidia. La kwanza ni kutangaza mapema, kabla mtu yeyote hajaagiza, kwamba leo unajinunulia mwenyewe kwa sababu kesho una safari au zamu ya asubuhi. Tangazo hilo likitolewa baada ya kupokea bia ya mtu huonekana ubahili. La pili ni kuzuia kifuniko. Chupa ambayo haijafunguliwa inaweza kurudi kaunta, au kuandikwa kwa jina lako ukainywa siku nyingine, lakini mhudumu huja na kifungulio kikining'inia kiunoni na kufungua kwa mazoea, chupa nne kwa sekunde nne. Mwambie mapema na kwa upole: “Dada, hiyo yangu usiifungue kwanza.” La tatu ni kutia mfukoni kila kifuniko cha chupa uliyoimaliza. Ukienda msalani, vihesabu kwa vidole. Akili hudanganya kuhusu idadi baada ya chupa ya tatu, na vifuniko vinakaa mfukoni pamoja na funguo za nyumba.

Bia isiyo na kileo, kama Heineken 0.0, nayo ina nafasi yake hapa, maana imiminwapo kwenye glasi hakuna anayeuliza maswali. Stoni na maji ya ukwaju vinafanya kazi hiyohiyo ikiwa wenzako si watu wa kushinikiza.

Muguka na sigara vina uhusiano gani na hangova?

Uhusiano mkubwa. Muguka, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu vina vichangamshi vinavyouficha ulevi bila kuupunguza. Mtafunaji hujiona macho, mwenye maneno na nguvu, ilhali kileo kwenye damu yake ni kilekile ambacho kingekuwa kimemlaza saa mbili zilizopita, basi anaendelea kuagiza. Baadaye, anapotaka kulala, kichangamshi hakimruhusu, na ule usingizi ambao pombe ilikuwa imeshauharibu hubaki mabaki tu. Kaunti ya Mombasa ilipotangaza kupiga marufuku muguka Mei 2024, mabishano mahakamani na mitaani yalikuwa juu ya kilimo, biashara na vijana. Suala la kuutafuna ukiwa na chupa mkononi halikuzungumzwa sana, nalo linastahili kuzungumzwa.

Wanaovuta sigara nyingi usiku wa kunywa pia huripoti hangova kali zaidi kuliko wasiovuta.

Mbona mwenzangu hunywa sana na haamki na hangova?

Watu hutofautiana kwa maumbile, uzito, umri na jinsia. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, hivyo chupa ileile humpa kiwango cha juu zaidi kwenye damu. Aliyekaa mwezi mzima bila kunywa, kisha akarejea na idadi yake ya zamani, atashangaa. Wapo pia wachache ambao hawasikii hangova kabisa, nao wana bahati mbaya kuliko wanavyodhani, kwa kuwa ini lao linaumia bila kengele.

Nimeshaamka nayo. Nifanye nini?

Kwa ukweli wote, subiri. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 na jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kuna dawa yoyote inayozuia au kuponya hangova. Vidonge vya makaa na poda zinazouzwa kwa bei ya kuumiza haviondoi kileo ambacho tayari kiko kwenye damu.

Kinachowezekana ni kupunguza makali. Kunywa maji kidogo kidogo, madafu, au maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kula kitu chepesi, kwani sukari ya mwili huweza kushuka baada ya kunywa. Uji, ndizi au mkate unatosha. Supu ya pweza inayouzwa mitaani jioni ina sifa nyingi, baadhi zikiwa haziandikiki hapa, lakini ni maji ya moto, chumvi na protini, na kwa mtu aliyeishiwa nguvu hilo si dogo. Kahawa tungu itakuondolea usingizi na, ikiwa wewe ni mnywaji wa kila siku, yale maumivu ya kukosa kahawa. Tumbo lililokereka linaweza kuikataa.

Kuhusu dawa za maumivu, soma kwanza karatasi ya maelezo ya dawa. Paracetamol huvunjwa na ini, lile ambalo limekesha likishughulikia pombe, na kwa mnywaji wa kila siku hatari ni kubwa zaidi. Aspirini na ibuprofeni hukera tumbo, na vidonge vingi vya kichwa vya dukani vina aspirini ndani yake. Usimeze chochote kabla ya kulala ukiwa bado umelewa. Dawa za usingizi zisikutane na pombe kamwe, kwa sababu vyote viwili hupunguza pumzi.

Jambo moja zaidi ambalo wakazi wa pwani wasilipuuze: hangova haileti homa. Kichwa kinachouma pamoja na joto la mwili, baridi na maumivu ya viungo katika mji wenye malaria na ambao umewahi kupata milipuko ya dengi kinahitaji kipimo cha damu, na dengi ikishukiwa aspirini na ibuprofeni ni marufuku kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Je, kuzimua, au kutoa loki kwa bia moja ya asubuhi, husaidia?

Husaidia kwa saa mbili, kisha deni hurudi limeongezeka. Bia ya asubuhi hurudisha kileo kwenye damu na kuchelewesha ile hali ya sifuri inayoleta dalili, lakini lazima sifuri ifike. Anayehitaji kuzimua kila Jumapili, na hasa anayetetemeka mikono asipofanya hivyo, tatizo lake limeshavuka hangova. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, ina simu ya ushauri isiyolipishwa, namba 1192.

Ninaweza kuendesha gari au kwenda kuogelea asubuhi yake?

Rudi kwenye hesabu ya saa. Mashine ya polisi ya kupima ulevi, Alcoblow, haijali kama umelala na kuoga. Inapima kilichobaki kwenye pumzi. Mwendeshaji wa bodaboda aliyeacha kunywa saa nane usiku na kuanza kazi saa kumi na mbili asubuhi anabeba abiria akiwa bado na kileo, na hata baada ya kileo kwisha, hangova yenyewe hupunguza wepesi wa kuamua. Bahari nayo usingoje ikufunze. Kuogelea ukiwa umelewa au umechoka na hangova, mahali penye mkondo wakati maji yanapotoka, ni jambo la kuacha kabisa. Kama ni lazima ushuke ufukweni, lala kivulini.

Ni wakati gani si hangova tena, bali ni dharura?

Mtu asiyeamshika hata akitikiswa, anayepumua polepole au kwa vituo virefu, mwenye ngozi baridi au midomo ya bluu, aliyepata kifafa, au anayetapika mfululizo, apelekwe hospitali mara moja. Wakati wa kusubiri gari mlaze kwa ubavu, usimwache chali, usimpe kahawa wala kumlazimisha kutapika, na usimwache peke yake “alale iishe”.

Pombe haramu ina hatari yake ya pekee. Iliyochanganywa na methanoli inaweza kumwacha mnywaji akijiona mzima kwa saa kumi na mbili au hata siku nzima kabla ya dalili kujitokeza: macho kuona ukungu au giza, tumbo kuuma sana, kupumua kwa kasi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini kwa pombe ya aina hiyo, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Kuona ukungu baada ya kunywa si dalili ya hangova hata siku moja. Ikitokea, nenda Coast General au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu bila kungoja kukuche, waambie waliokunywa nawe waje pia hata kama hawasikii kitu, na kama chupa au kibuyu kilichotumika bado kipo, kichukueni ili madaktari wajue wanapambana na nini.